Mabingwa wa kwanza wa mbio walikuwa na mshahara

Bandugu, swali la haraka: Mkenya wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ku Olimpiki ni nani? Bengi banajibu: Kipchoge Keino. Apana. Ni Naftali Temu, mita 10,000, ku Mexico, tarehe 13 Oktoba 1968. Keino alishinda mita 1,500 siku saba nyuma yake. Katikati yao alipita Amos Biwott, mu mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wenzake walikanyaga maji, yeye aliruka lile dimbwi lote akabaki na miguu mikavu.

Swali la pili: Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Rome 1960 bila viatu juu ya umasikini? Apana tena. Viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri, na alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Ku Tokyo 1964 alishinda tena, mara hii na viatu.

La tatu: John Akii-Bua wa Uganda, Munich 1972, mita 400 za kuruka viunzi. Alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, yenye kona inabana na hakuna mwenye anaitaka. Akatoka na sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na mutu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48.

Sasa, hawa wote walifanana mu kitu gani? Tunapenda kujibu: milima, damu, njo vile Mungu alibaumba. Ni kweli mwinuko unasaidia. Mexico iko mita 2,240 juu ya bahari, oksijeni ni kidogo, na mwenye amezoea kuishi juu anateseka kidogo kuliko wengine. Lakini Rome na Tokyo ziko chini, karibu na bahari.

Tuangalie kazi zao. Bikila alikuwa askari mu kikosi cha kumlinda mfalme Haile Selassie. Temu, mwanajeshi. Keino, polisi. Akii-Bua, polisi. Na Wilson Kiprugut, aliyeletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa (shaba, mita 800, Tokyo 1964), mwanajeshi pia.

Si bahati. Zamani zile sheria ya Olimpiki ilikataza mukimbiaji kulipwa juu ya michezo. Jim Thorpe wa Marekani alishinda mara mbili mu 1912, na mwaka uliofuata wakamnyang'anya medali, sababu aliwahi kupokea pesa kidogo ya kucheza besiboli. Kwa kijana asiye na mali, kazi ya serikali ilikuwa mlango halali: mwisho wa mwezi analipwa, anakula, na mukubwa wake anamwachia muda wa mazoezi.

Na matunda hayakuiva siku moja. Kenya ilienda 1956 na 1960, ikarudi mikono mitupu. 1964, shaba moja. 1968, medali 9, na 8 kati yao ni za riadha.

Ku Mexico ileile, inchi yetu nayo ilienda Olimpiki mara ya kwanza, na wapanda baiskeli. Kisha hatukuonekana tena mpaka 1984. Hadi leo hatuna medali hata moja. Shiye ba mukoa ulioitwa Shaba, hata ile ya shaba hatujaigusa!

Bandugu, kati yetu beko wenye wataingia mu makampuni, mu mashule, mu ofisi za komine. Tunasema kila siku vipaji viko. Sawa, viko. Lakini kijana wa Naviundu mwenye anakimbia asubuhi, saa mbili iko mu barabara anatafuta chakula ya siku. Kumpatia kazi ya nusu siku, ili nusu ingine afanye mazoezi, si kumsaidia masikini. Kina Temu na Keino bali anzia palepale.