Nyungunyungu katika Bustani za Njombe na Makambako

Mwezi wa Julai, baridi ya Njombe inaposhika na umande wa alfajiri kuganda mabondeni, kazi za bustani haziishi. Kitalu cha kabichi chahitaji maji, njegere hupaliliwa, samadi hutolewa zizini, na kule bondeni, katika bustani za kiangazi ziitwazo vinyungu, matuta hupigwa jembe upya. Mwenye bustani akifukua lundo la samadi ya mwaka jana, aghalabu hukuta nyungunyungu wengi, wekundu na wembamba, wakijikunja kuikimbia nuru. Akirudi hatua ishirini tu hadi kwenye udongo mwekundu wa bustani yake, aweza kupiga jembe mara kumi asimwone hata mmoja. Kama wapo tele nyuma ya zizi, kwa nini hawahamii bustanini?

Kwanza yafaa kiumbe huyu aondolewe lawama isiyo yake. Nyungunyungu si mnyoo wa tumboni, wala hageuki kuwa mnyoo huo. Mnyoo wa tumboni hukomaa ndani ya mwili wa mtu au mnyama. Nyungunyungu hawezi kuishi humo. (Mikono sharti ioshwe baada ya kushika samadi, lakini kwa sababu nyingine.) Hana mapafu; hupumua kwa ngozi, nayo ngozi ikikauka hufa. Hana meno, chakula chake husagwa na chembe za mchanga ndani ya firigisi, kama ilivyo kwa kuku. Kila mmoja ana uume na uke pamoja, lakini bado humhitaji mwenzake ili kuzaa. Akikatwa na jembe hawi wawili, kama wengi wanavyodhani.

Mtaalamu wa Kiingereza, Charles Darwin, alimchunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1842 alitandaza chaki juu ya shamba la majani karibu na nyumba yake. Mwaka 1871, yaani baada ya miaka 29, alichimba handaki akaikuta chaki ile imelala kama mstari, kina cha sentimita 18 hivi. Chaki haikuchimbiwa na mtu. Ilifunikwa polepole na udongo ulioletwa juu na nyungunyungu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwao kila mwaka katika kila eka.

Lakini Darwin aliishi katika nchi ya vilima vya chaki, na Njombe si nchi ya chaki. Mvua za Novemba hadi Aprili zimeusafisha udongo wa nyanda hizi kwa karne nyingi, zikachukua chokaa na kuacha madini ya chuma na alumini ambayo huupa udongo uchachu na kuishikilia fosforasi isifikiwe na mizizi. Mbolea ya salfeti ya amonia, ambayo wakulima waliizoea kwa jina la SA, huuongeza uchachu huo ikitumiwa mfululizo pasipo chokaa. Moto wa kiangazi nao huteketeza mabaki ya mahindi ambayo yangekuwa chakula cha nyungunyungu. Na majani yaangukayo kutoka misindano na milingoti, ambayo hayana upungufu huko, ni magumu kuoza, naye huyachukia. Kwa ufupi, udongo ule mwekundu una njaa na ukali.

Hapa ndipo bidii nyingi hupotea. Mtu huwachota nyungunyungu wa samadi akawamwaga bustanini, na baada ya wiki chache hawaonekani tena. Si kwamba wamezama chini kufanya kazi. Nyungunyungu wa samadi ni wa jamii ya wakaao juu, ndani ya vitu vinavyooza. Katika udongo mtupu hufa au hutoroka. Wachimbao ndani ya udongo ni jamii nyingine, nao huja wenyewe pale wanapokuta kivuli, unyevu, masalia ya mimea na uchachu uliopunguzwa. Basi wa samadi wabaki kwenye samadi. Kinachopelekwa bustanini ni kinyesi chao, yaani mboji.

Mboji hiyo aghalabu haina uchachu mwingi kama udongo wenyewe, na fosforasi iliyomo humfikia mmea kwa urahisi zaidi. Hata hivyo nyungunyungu si kiwanda cha mbolea. Hawezi kutoa kilichokuwa hakimo katika chakula chake. Anayemlisha maganda matupu asitarajie gunia la mahindi.

Kumfuga hakuhitaji gharama. Sanduku la mbao lenye matundu chini, kina cha sentimita 30, latosha. Ndani huwekwa samadi iliyokwisha kupoa, kwa maana lundo bichi huweza kufika joto la nyuzi 60 na kuwaua wote, ikachanganywa na majani makavu ya mahindi. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Maganda ya viazi yanafaa. Chumvi, pilipili na mafuta havifai. Aina ya nyungunyungu nayo ni muhimu. Eudrilus eugeniae, mwenye asili ya Afrika Magharibi, hukua upesi penye joto lakini hudhoofika katika baridi. Eisenia fetida, yule mdogo mwekundu, huivumilia. Hata huyo hupunguza kula mwezi wa Julai, ndiyo maana sanduku huwekwa vizuri zaidi ukutani mwa jiko lenye moto.

Makambako, umbali wa kilomita 60 hivi kuelekea kaskazini, shida hubadilika. Huko mvua ni chache zaidi na upepo hauna simile. Matandazo ya majani yaliyowekwa asubuhi huweza kukutwa uani kwa jirani jioni. Hivyo hubanwa kwa mabua na mawe, na sanduku hufunikwa gunia lililoloweshwa.

Baada ya miezi mitatu au minne, mboji humwagwa juani katika vilima vidogo. Nyungunyungu hukimbilia chini, nayo tabaka ya juu hukwanguliwa, kidogo kidogo, mpaka wabaki wao peke yao katika fungu la mwisho. Konzi moja hutiwa katika kila shimo la mche. Kazi hiyo yataka mtu wa kuwafukuza kuku.