KWA NINI WALINUNUA WATU BADALA YA KUWAANDIKA KAZI?

Ninaandika kutoka Ekerenyo, kwenye vilima vya majani chai. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Siku moja katika kipindi cha Historia, mwalimu alituuliza sababu za utumwa. Mimi nikajibu mbio, "Watu walikuwa na roho mbaya!" Mwalimu akasema, "Roho mbaya iko tangu zamani. Mbona utumwa wa Unguja ulizidi karne ya 19?" Nikaketi kimya. Haya ndiyo niliyoyapata baadaye.

Kwanza, karafuu. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne hiyo. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake huko kutoka Omani mnamo 1840, aliwahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi. Karafuu, kama majani chai yetu, huchumwa kwa mkono, tena kabla maua hayajachanua. Ukichelewa, mali imeharibika. Basi ilitakiwa mikono mingi kwa wakati mmoja.

Pili, na hapa ndipo penye kiini, ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache. Mwenyeji wa Unguja mwenye shamba lake na ngalawa yake, aache vyake akamchumie mwingine kwa nini? Kumvuta kungetaka ujira mkubwa, na faida ingeliwa. Tajiri akaona heri anunue mtu asiyeweza kukataa. Wengi walitekwa pande za Ziwa Nyasa wakapitishwa Kilwa. Huko Malindi, watumwa walilimishwa mtama na ufuta.

Tatu, gharama. Watumwa wa mashamba walipewa vijishamba vya muhogo na kuachiwa kama siku mbili kwa juma wajilimie. Yaani, hata chakula chao walikitolea jasho wenyewe!

Nne, mkataba wa 1845 ulikataza kupeleka watumwa Uarabuni. Wafanyabiashara hawakuacha, waliwauza mashambani Unguja, Pemba na pwani yetu. Mwaka 1873 soko la Unguja lilifungwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907.

Je, shida ya mikono iliisha? Wapi! Serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyumba, iliyotakiwa kwa pesa. Njia moja ya kupata pesa hizo ilikuwa kufanya kazi ya Mzungu, na hivyo watu wetu wa Gusii wakaenda kuchuma chai Kericho. Huo haukuwa utumwa, maana walilipwa na waliweza kurudi kwao. Lakini swali la tajiri lilikuwa lile lile: nani atachuma?

Jumamosi mimi huchuma chai ya jirani, nikalipwa kwa kilo. Kilo zikipunjwa, nalalamika. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na mvulana wa rika langu, aliyetoka mbali, akichunga ng'ombe wetu. Jioni moja nikamuuliza baba, "Huyu tunamlipa ngapi?" Baba akanyamaza. Mama akasema, "Si anakula hapa?"

Nikakumbuka vile vijishamba vya muhogo.

Mwisho wa mwezi ule baba alimpa pesa mkononi, ya kwanza tangu afike. Hazikuwa nyingi. Alizihesabu mara mbili, kisha akauliza kama anaweza kwenda kwao Krismasi.

Msomaji, nani anachota maji kwenu, na analipwa nini?