Kuhakiki Matriki ya Jacobi katika Utatuzi wa Milinganyo kwa Tarakilishi

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi waundaji wa programu wanavyohakiki matriki ya Jacobi waliyoiandika wenyewe. Jina hilo linatokana na mwanahisabati Mjerumani, Carl Gustav Jacob Jacobi (1804–1851). Matriki hii ni jedwali la nambari zinazoonyesha kasi ya kubadilika kwa kila mlinganyo pindi kigeu kimoja kinapobadilishwa kidogo, vingine vikibaki vilivyo.

Mbinu ya Newton huitumia matriki hiyo kama dira. Huanza kwa kukisia jibu, kisha hulisahihisha hatua kwa hatua. Dira ikiwa sahihi na jibu likiwa karibu, tarakimu zilizo sahihi aghalabu huongezeka maradufu kila hatua. Dira ikiwa na kosa dogo, programu yaweza kufika, ila kwa kujikokota. Hapo ndipo penye hatari: kwa kuwa jibu ni sahihi, kosa halishukiwi hadi siku programu inapopewa tatizo gumu ikakwama.

Mfano ni milinganyo x² + y² = 25 na xy = 12. Safu ya pili ya matriki inapaswa kuwa y, kisha x. Yamkini mwandishi akaghafilika akaandika x, kisha y. Uhakiki hufanywa hivi: x ikiwa 3 na y ikiwa 4, x huongezwa 0.001. Zao la xy hupanda kutoka 12 hadi 12.004. Tofauti hiyo, 0.004, ikigawanywa kwa 0.001, hutoa 4. Programu nayo inatoa 3. Kosa limefichuka. Lau x na y zote zingekuwa 2, pande zote mbili zingetoa 2, na kosa lingepita. Ndiyo maana huteuliwa nambari zisizolingana.

Nyongeza yenyewe huhitaji kiasi. Ikiwa kubwa mno, mkunjo wa mlinganyo hupotosha kipimo. Ikiwa ndogo mno, tarakilishi, ambayo kwa kawaida huhifadhi takribani tarakimu 16, huipoteza tofauti yenyewe.

Hata hivyo, uhakiki huu una mpaka. Sawa na mhariri anayelinganisha nakala na mswada, hugundua nakala ilipopotoka tu. Ikiwa milinganyo yenyewe ilikosewa, matriki itaafikiana na kosa hilo bila kulalamika.