Wizi Mdogo wa Utotoni na Deni Lake

Natumaini nyote mmekwisha kukaa na madaftari yenu yako tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: aibu, majuto, kukiri, kufidia. Wanafunzi, yasomeni pamoja naye mara mbili, polepole.

(Muziki kidogo.)

Vema. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wazima hulicheka sana, nalo ni wizi mdogo wa utotoni. Mnaujua. Ni fedha iliyofunguliwa katika pindo la kanga ya mama. Ni sukari iliyolambwa katika kopo. Ni embe la jirani. Ni chenji ya dukani iliyogeuka kuwa karanga njiani. Wakubwa wakikutana jioni husimuliana mambo hayo, na kila mtu hucheka mpaka machozi.

Lakini sikilizeni vizuri masimulizi yale. Kinachosimuliwa kwa kicheko ni wizi ambao mwenyewe alikamatwa, akachapwa, mambo yakaisha. Kuna wizi mwingine hausimuliwi. Ni ule wa siku ambayo kitu kilipotea nyumbani na aliyelaumiwa akawa mwingine. Pengine alikuwa mtoto wa ndugu anayelelewa pale. Mara nyingi alikuwa msichana wa kazi. Fedha ilikuwa ndogo, lakini msichana yule alifungasha nguo zake akarudi kwao na jina la mwizi, na mtoto aliyeijua kweli alisimama mlangoni akimtazama. Mtoto yule leo ni mtu mzima. Huenda ana miaka hamsini, na bado hajamwambia mtu.

Nitawapa kisa cha kweli cha namna hiyo. Ni cha Ulaya, na ni cha zamani, lakini nimekichagua kwa sababu mwizi alikiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Jean-Jacques Rousseau alizaliwa Geneva, katika nchi ya Uswisi ya leo, mwaka 1712. Baadaye alikuwa mwandishi mkubwa, na kitabu chake cha mwaka 1762 juu ya malezi ya watoto kinasomwa na walimu mpaka leo. Lakini mwaka 1728 alikuwa kijana wa miaka 16 tu, aliyetoroka kwao, naye alikuwa mtumishi katika nyumba ya bibi mmoja tajiri mjini Turin, Italia. Bibi yule alikuwa mgonjwa, akafa. Watu walipokuwa wakihesabu vitu vya nyumba, ulikosekana utepe mmoja wa rangi ya waridi na fedha. Haukuwa utepe wa thamani, ulikwisha kuchakaa. Ulitafutwa, ukaonekana kwa Rousseau.

Aliulizwa ameupata wapi. Akababaika, kisha akasema: Marion amenipa. Marion alikuwa msichana mpishi wa nyumba ile, ametoka milimani, na watu wote walimjua kuwa mwaminifu. Akaitwa. Watu wengi walikuwa wamekusanyika, na mrithi wa nyumba alikuwapo. Rousseau akarudia uongo wake mbele ya uso wa msichana. Marion hakumtukana. Alikana kwa upole, akamsihi asimharibie jina mtu ambaye hakumtenda ubaya wowote, kisha akalia. Kijana akashikilia neno lake. Mrithi hakuwa na nafasi ya kuchunguza. Akawafukuza wote wawili.

Sasa swali. Kwa nini kijana alimtaja Marion? Je, alimchukia? La. Rousseau anasema alimpenda, na utepe ule aliuchukua akinuia kumpa yeye. Alipoulizwa, Marion ndiye aliyekuwa katika mawazo yake, basi jina lake likatoka kwanza. Tena anasema hakuogopa sana adhabu. Aliogopa aibu, aliiogopa kuliko kifo. Aliyaona macho ya watu wote yanamtazama, akawa tayari kufanya lolote macho yale yageukie kwingine.

Hapa turudi ubaoni. Watu wengi hutumia neno aibu na neno majuto kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mwenye aibu hujiuliza, "Watu watanionaje?" Mwenye majuto hujiuliza, "Yule niliyemdhulumu yu hali gani?" Aibu humfundisha mtoto kuficha, na akibanwa, kumsukumia mwingine. Majuto humpeleka kwa mwenye mali. Kazi yetu sisi wazazi ni kumvusha mtoto kutoka aibu mpaka majuto, na wengi wetu, kwa ukali wetu, twamrudisha nyuma.

Rousseau mwenyewe anatuambia jambo ambalo kila mzazi yampasa alishike. Anasema kama yule mrithi angalimchukua kando, peke yao, akamwambia kwa utaratibu asimwangamize msichana yule, na kama ana kosa alikiri kwake, hapo hapo angalijitupa miguuni pake na kusema kweli. Badala yake alitishwa mbele ya watu. Basi mnapokosa fedha nyumbani, msiite baraza. Msiwapange watoto na msichana wa kazi mstari mmoja mkiuliza, "Nani mwizi hapa?" Swali la namna hiyo humpa nafasi mwenye hila, nalo humwangukia asiye na mtu wa kumtetea. Tena wako wazazi wanaomchoma mtoto vidole kwa moto ati akome kuiba. Huo ni ukatili, na mtoto haachi wizi kwa ajili yake. Hujifunza kuficha vizuri zaidi.

Pengine mmoja wenu atasema: mtoto mdogo hajui anachofanya. Ni kweli kwa kiasi fulani. Bwana Jean Piaget, mtaalamu aliyefanya kazi mjini Geneva katika chuo kilichopewa jina la Rousseau huyu huyu, alitoa kitabu mwaka 1932 juu ya jinsi watoto wanavyopima makosa. Aliwasimulia watoto habari za wavulana wawili. Mmoja ameitwa kula, anafungua mlango, hajui kuwa nyuma yake kuna vikombe 15 juu ya kiti, vyote vinavunjika. Wa pili mama yake hayupo, anapanda kiti ili aibe jemu kabatini, naye anavunja kikombe kimoja. Nani mkosaji zaidi? Watoto wadogo wengi walijibu: wa vikombe 15! Waliokuwa wakubwa zaidi walitazama nia, wakamtaja wa jemu. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano ukimpiga kwa sababu ya ukubwa wa hasara, unamthibitishia hesabu yake ya kitoto. Mwulize alitaka nini, na ni nani aliyekosa kitu kwa ajili yake.

Sheria nayo huangalia umri. Tanzania Bara, mtoto aliye chini ya miaka 10 hashitakiwi kwa kosa la jinai. Kenya, sheria ya watoto ya mwaka 2022 imeweka miaka 12. Lakini kutoshitakiwa si sawa na kutorudisha. Mtoto wa miaka saba aliyechukua andazi la mama wa gengeni aweza kabisa kwenda kumwomba radhi, mzazi akiwa kando yake, na kumfagilia genge lake asubuhi moja. Mzazi akilipa kimya kimya usiku, deni limekwisha kwa mama yule. Kwa mtoto bado.

Kisa cha pili ni kifupi. Mohandas Gandhi, aliyekuja kuwa kiongozi wa India, alipokuwa na miaka 15 alikata kipande cha dhahabu katika bangili ya kaka yake, ili deni la kaka huyo la rupia kama 25 lilipwe. (Rupia zamani zilitumika hata huku kwetu.) Deni likalipwa, wala hakuna aliyemshuku. Lakini hakupata raha. Aliogopa kusema kwa mdomo, basi akaandika. Akaeleza kosa lake, akaomba adhabu, akaahidi hataiba tena, akampa baba yake karatasi ile. Baba alikuwa mgonjwa kitandani. Akaketi akasoma, machozi yakamtoka mpaka karatasi ikalowa, akaichana, akalala tena. Hakusema neno. Gandhi alikuwa amengojea ghadhabu.

Ninyi mnaojifunza kuandika, angalieni hilo. Kalamu iliweza kusema neno ambalo mdomo ulishindwa.

Rousseau naye aliandika, lakini baada ya miaka kama 40. Anakiri kuwa haja ya kujitua mzigo huu ilikuwa sababu mojawapo ya kuandika habari za maisha yake. Sehemu ile ilichapishwa mwaka 1782, naye alikwisha kufa mwaka 1778. Alijiona amekwisha kulipa, kwa taabu alizozipata na kwa miaka mingi ya kuishi kwa uaminifu. Mimi sikubaliani naye. Ulimwengu mzima uliambiwa, lakini Marion, ambaye hata yeye Rousseau anasema hakujua alikoishia, hakupata neno lolote.

Katika dini zetu jambo hili si geni. Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kuwa toba ya dhuluma haitimii kwa kujuta tu. Haki ya mtu hurudishwa kwake, naye akiwa amekufa, kwa warithi wake. Wakristo nao wanakijua kisa cha Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya.

Sasa kazi. Kila mmoja aandike barua fupi ya mistari mitano, ya kuomba radhi kwa kitu kilichochukuliwa. Taja kitu, taja siku, sema utafidia namna gani. Usiandike "kama nilikukosea", andika "nilikukosea". Mwalimu, usimlazimishe mtu yeyote kusoma barua yake mbele ya darasa, wala usizikusanye. Atakayetaka kuipeleka mwenyewe kwa mwenyewe, mwoneshe jinsi ya kuandika anwani.

Juma lijalo tutajifunza kusoma risiti. Kwaherini.