Majeraha Yanayosafiri: Maisha ya Washindani wa Baiskeli za Mteremkoni

Katika mlima Aonach Mòr, karibu na mji wa Fort William huko Scotland, gari linaloning'inia kwenye kamba ya chuma humpandisha mshindani na baiskeli yake kwa muda wa robo saa hivi. Kushuka hakuhitaji muda huo. Njia ya mashindano ina urefu wa takriban kilomita 2.8, nayo huporomoka zaidi ya mita 500 kupitia mawe, mizizi na miruko ya kutisha. Mwanamume aliye hodari huimaliza kwa dakika nne na nusu hivi. Hashindani na mtu wa pembeni yake. Kila mmoja huachiwa njia peke yake, akishindana na saa. Siku ya fainali mteremko ni mmoja tu. Anayeanguka hana nafasi ya pili.

Watazamaji huziona dakika hizo na kudhani wameyaona maisha ya mchezo. Sehemu kubwa ya maisha hayo, hata hivyo, hupita barabarani. Mashindano ya Kombe la Dunia ya mteremko, yaliyoanzishwa mwaka 1993 chini ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI), huhama kutoka nchi hadi nchi. Msimu wa mwaka 2018 ulianzia Lošinj, Kroatia, mwezi Aprili, ukapita Scotland, Austria, Italia, Andorra, Kanada na Ufaransa, kisha mashindano ya ubingwa wa dunia yakafanyika Lenzerheide, Uswisi, mwezi Septemba. Mwaka huo Fort William ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na Leogang, katika milima ya Austria, ikafuata wiki moja baadaye. Mwaka 2019 ratiba ikawa hiyo hiyo. Kati ya miji hiyo miwili kuna karibu kilomita 2,000 za barabara, pamoja na mlango bahari wa kuvukwa.

Wenye timu kubwa husafiri na makanika, mtaalamu wa fiziotherapia na mpishi, na baiskeli zao hupelekwa kwa malori. Lakini nyuma yao liko kundi kubwa zaidi la washindani wasio na timu, wanaojilipia kila kitu. Hao huishi ndani ya gari la mizigo lililogeuzwa chumba: kitanda cha mbao juu, baiskeli mbili na tairi za akiba chini yake, jiko la gesi mlangoni, na nguo zenye tope zikining'inia juu ya usukani. Wakati wa baridi hufanya kazi za ujenzi, za hotelini au za karakana ili kupata fedha za msimu. Wakifika mlimani hukagua njia kwa miguu, hufanya mazoezi siku inayofuata, kisha hupigania nafasi ya kuingia fainali. Wengi hawafiki fainali, na jioni hiyo hiyo hufungua ramani kutafuta njia ya kwenda mlima unaofuata. Ada ya kujiandikisha imekwishalipwa.

Hapo ndipo tatizo la kitabibu linapoanzia. Mfupa huunga kwa mwendo wake wenyewe, ilhali ratiba ya mashindano imepangwa tangu mwaka uliotangulia. Mtulinga uliovunjika, jeraha lililozoeleka mno katika mchezo huu, kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi 12 kuunga kwa mtu mzima. Upasuaji wa kuweka bamba la chuma unaweza kumpa mgonjwa nafuu ya kuutumia mkono mapema, lakini bamba hilo halimaanishi kwamba mfupa umekwishaunga. Mshindani huhisi maumivu yamepungua akadhani amepona.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mfupa mdogo wa kifundo cha mkono uitwao skafoidi, ulio chini ya kidole gumba. Mtu anayerushwa mbele ya baiskeli hujikinga kwa kiganja kilicho wazi, na uzito wote wa mwili huangukia hapo. Picha ya eksirei ya siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi ufa wowote. Kwa hiyo daktari mwangalifu akikuta maumivu katika kishimo kilicho kwenye kitako cha kidole gumba, huufunga mkono hata kama picha ni safi, na kumtaka mgonjwa arudi baada ya siku 10 hadi 14 kwa uchunguzi mwingine. Sababu ni kwamba damu ya mfupa huo huingilia zaidi upande wa mbele na kurudi nyuma. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu, kikashindwa kuunga, hata kikafa. Miaka kadhaa baadaye kifundo huwa kigumu, chenye maumivu na baridi yabisi, kwa kijana ambaye bado anahitaji mikono hiyo kujipatia riziki.

Maelekezo hayo ni sahihi kabisa kwa mgonjwa anayeishi mtaa wa pili. Kwa yule aliyelala ndani ya gari kwenye uwanja wa mashindano, siku ya 14 itamkuta katika nchi nyingine, mbele ya daktari mwingine anayezungumza lugha nyingine na asiye na ile picha ya kwanza. Mara nyingi haendi kabisa. Huifungua bandeji mwenyewe, hujaribu kushika breki, na akiweza kuvumilia hupanda mlimani. Ni vigumu kumlaumu moja kwa moja. Kadi ya bima ya afya inayotumika kati ya nchi za Ulaya humpa mgeni matibabu ya lazima katika hospitali za umma, lakini hailipii uokoaji wa milimani wala gharama za kumrudisha nyumbani. Asiye na bima nyingine hujifunza kufikiri mara mbili kabla ya kumwita mwokoaji.

Mfupa, hata hivyo, huuma, na maumivu yana sauti. Jeraha linalotisha zaidi ni lile lisilo na sauti, yaani mtikisiko wa ubongo. Wengi huamini kwamba ubongo haujatikisika ikiwa mtu hakuzimia. Imani hiyo si kweli. Walio wengi kati ya wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu. Hata picha ya CT ya kichwa huwa haina kasoro, kwa kuwa kipimo hicho hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, hakipimi jinsi ubongo unavyofanya kazi. Mgonjwa huhisi kichwa kizito, mwanga humkera, usingizi humpaa au humzidi, maneno humtoka polepole, hasira humpanda bila sababu. Mwenzake huyatambua mabadiliko hayo upesi kuliko yeye mwenyewe. Lakini huyu yuko peke yake ndani ya gari.

Mwongozo ambao UCI iliutoa mwishoni mwa mwaka 2020 unataka anayeshukiwa kupata mtikisiko aondolewe mashindanoni, apumzike saa 24 hadi 48, arejee mazoezini hatua kwa hatua, na asishindane kabla ya kupita angalau wiki moja tangu dalili zote zilipokwisha. Kwa vijana muda huo ni wiki mbili. Wataalamu hawaagizi tena kujifungia gizani kwa siku nyingi. Baada ya siku hizo mbili za mwanzo, kutembea na shughuli nyepesi zisizoongeza dalili husaidia. Ila kuna jambo ambalo mwongozo wowote hauwezi kulisimamia kutoka mbali: mtu aliyegonga kichwa Jumamosi, akakosa fainali, huketi kwenye usukani Jumapili alfajiri na kuanza safari ya kilomita 2,000. Macho yake yanachelewa, mguu wake unachelewa kuikuta breki. Hatari iliyokuwa mlimani, penye kofia ngumu, kinga za magoti na wahudumu pembeni mwa njia, sasa imehamia kwenye barabara kuu penye familia za watu wengine.

Mfaransa Myriam Nicole alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Val di Sole, Italia, kisha akakosa sehemu kubwa ya msimu wa 2022 kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Alikuwa na timu na wataalamu wa kumfuatilia, na zaidi ya yote alikuwa na ruhusa ya kusubiri. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, alirudi na kupata medali ya shaba katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Les Gets, Ufaransa. Subira ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuigharimia.

Naye Brook Macdonald wa New Zealand alianguka wakati wa mazoezi huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, mwezi Agosti 2019. Alivunjika pingili za mgongo na uti wa mgongo wake ukajeruhiwa. Ilichukua saa kadhaa hadi akafikishwa kwenye hospitali iliyoweza kumfanyia upasuaji. Alianza upya kujifunza kutembea, na mwaka 2020 alirudi mashindanoni. Habari yake husimuliwa kama muujiza wa ujasiri, na ujasiri kweli ulikuwapo. Lakini mhudumu wa afya huiona pia kazi ya wale wa mlimani waliomhudumia bila kumpindapinda mgongo, ambayo haina picha wala medali.

Rachel Atherton wa Uingereza, aliyeshinda kila raundi ya Kombe la Dunia mwaka 2016, aligongwa na gari mwezi Januari 2009 akiwa mazoezini kwenye barabara ya kawaida huko California, akakosa msimu mzima. Mwaka 2019 alikatika kano ya kisigino huko Les Gets. Alirudi kwenye Kombe la Dunia mwaka 2023, akiwa amekwisha kuwa mama, akashinda Lenzerheide. Miaka minne ilikuwa imepita.

Msomaji aliye Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, asiyewahi kuiona baiskeli ya mteremko yenye shokapu mbele na nyuma, huenda akaona habari hizi ziko mbali. Wagonjwa wenyewe hawako mbali. Dereva wa bodaboda aliyegonga kichwa jana na leo yuko kijiweni, kwa sababu hesabu ya mwenye pikipiki haisubiri, yumo katika hali ile ile. Utingo wa lori aliyefungwa hogo Tunduma na ambaye tarehe ya kliniki itamkuta Lubumbashi ni mgonjwa yule yule. Kijana aliyejeruhiwa mjini, kisha ndugu wakaamua akauguzwe kijijini, naye vivyo hivyo. Kwenye kadi zao huandikwa "arudi baada ya wiki mbili", na mwezi unaofuata huitwa watoro wa kliniki.

Swali moja hubadilisha mambo: "Baada ya siku 14 utakuwa wapi?" Mgonjwa akijibu kwamba atakuwa safarini, tarehe ya kurudi haimsaidii tena, anachohitaji ni barua. Barua hiyo haihitaji kuwa ndefu. Itaje siku na namna alivyoumia, kilichoonekana na kilichoshukiwa, dawa alizopewa, na kipimo anachopaswa kufanyiwa popote atakapokuwa. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu si bora kama ile halisi, lakini ni bora mno kuliko maelezo ya mdomo. Aliyegonga kichwa aambiwe waziwazi asiendeshe chombo chochote hadi dalili ziishe, na atakayekuwa naye afundishwe dalili za kumrudisha hospitalini mara moja, usiku au mchana: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi asioweza kuamshwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja, au mboni za macho zisizolingana. Aliyechomwa tumboni na ncha ya usukani naye aangaliwe kwa makini, kwani bandama iliyojeruhiwa inaweza kuanza kuvuja damu siku kadhaa baada ya ajali.

Kwa mshindani wa mchezo wowote ipo tahadhari nyingine ambayo husahaulika. Tramadol, dawa ya maumivu inayotolewa katika hospitali nyingi, ilipigwa marufuku na UCI wakati wa mashindano kuanzia Machi 2019, na tangu Januari 2024 imo kwenye orodha ya dawa zinazozuiwa mashindanoni kwa michezo yote inayofuata kanuni za WADA. Daktari wa mji mdogo hawezi kujua kwamba aliyelala mbele yake atapimwa mkojo Jumapili. Mgonjwa ndiye anayepaswa kusema, na mhudumu ndiye anayepaswa kumpa nafasi ya kusema.

Waliokaa barabarani misimu mingi hutunza bahasha chini ya kiti cha abiria, pamoja na spana na ramani. Ndani yake zimo picha za mitulinga, majibu ya vipimo vya kichwa, orodha ya dawa zinazowadhuru, na barua za madaktari wasiowahi kukutana. Mwenye bahasha hiyo akifika Leogang na mkono uliofungwa Scotland, hutafuta kwanza hospitali ya mji wa jirani, kabla ya kutafuta mahali pa kuegesha gari. Daktari wa Austria huitoa picha ya kwanza, huilinganisha na mpya, na hukaa kimya kidogo akiutazama ule ufa mwembamba ambao mara ya kwanza haukuonekana. Kisha huufunga mkono upya, na baiskeli hubaki ndani ya gari.