Mama Mjamzito Kazini: Mtoto Hukuaje Tumboni?



Katika mashamba ya chai ya Kabarole na Bushenyi, mashamba ya maua karibu na Entebbe, na viwanda vya sukari hapa Uganda, wako akina mama wanaoficha mimba kwa kuogopa kuachishwa kazi. Wanangoja mpaka tumbo lionekane. Sisi wa chama tunaona ni lazima jambo hili lielezwe waziwazi, kwa sababu miezi ile ya kuficha ndiyo miezi ambayo mwili wa mtoto unaumbwa.

Mtoto anavyoumbika

Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hesabu hiyo huchukua wiki 40 hivi, yaani siku 280. Katika wiki ya 5 kijusi ni kidogo kama punje ya simsim. Karibu na wiki ya 6 moyo umekwisha anza kupiga, na mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unafungika. Wiki ya 8 mikono na miguu inachipua, na kijusi ni kama punje ya harage. Ikifika wiki ya 12 karibu viungo vyote vimekwisha umbika, ingawa mtoto ana urefu wa sentimita 5 au 6 tu. Tazameni basi: kazi kubwa imekwisha fanyika kabla nyapara hajajua lolote.

Baadaye ni kukua na kukomaa. Kati ya wiki ya 16 na ya 20 mama huanza kumsikia akicheza. Wiki ya 28 ana kilo 1 hivi, lakini mapafu yake bado hayajakomaa. Tangu wiki ya 37 amekwisha komaa, na wengi huzaliwa wakiwa na kilo 3 hivi. Muda wote huo chakula na hewa humfikia kutoka damu ya mama kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Baadhi ya sumu hupita njia hiyohiyo, na pombe na moshi wa sigara pia.

Hatari za kazini

Mama mjamzito asichanganye wala asinyunyize dawa za kuua wadudu, wala asiingie katika shamba lililonyunyizwa siku hiyo. Asibebe mizigo mizito. Asisimame kutwa nzima bila kupumzika, na apate maji safi ya kunywa palipo na joto. Baba anayenyunyiza dawa naye aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani, na nguo hizo zifuliwe mbali na nyingine.

Chakula na kliniki

Maharage, dodo, dagaa, mayai, karanga na matunda hujenga damu na mwili. Sisi wachuma chai tujue jambo moja: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma. Inywewe saa moja au mbili baadaye. Kula udongo kuachwe, kwani huleta minyoo na huweza kuwa na sumu.

Mama aende kliniki kabla wiki ya 12 haijapita. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri ahudhurie mara 8. Huko hupimwa damu, shinikizo la damu na virusi vya UKIMWI, hupewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda na dawa ya kukinga malaria. Chandarua kitumike kila usiku.

Akiona damu inatoka, kichwa kinauma sana, macho yana ukungu, uso na mikono imevimba, ana homa kali au degedege, maji yametoka mapema, au mtoto amepunguza kucheza, apelekwe hospitali mara moja. Asingoje zamu iishe.

Haki zetu

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 ziwe baada ya kujifungua. Baba anapata siku 4 za kazi. Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi, na mama akirudi anastahili kazi yake ileile au nyingine inayofaa, bila masharti kupunguzwa.

Lakini sheria iliyo kabatini haimsaidii kibarua anayeogopa. Kwa hiyo wajumbe wa matawi, mama akiwaeleza habari zake mapema, tunzeni siri yake, nendeni naye kwa mwajiri, na dai la kwanza liwe kumwondoa kwenye dawa na mizigo. Nanyi akina mama, semeni mapema. Chama ni chenu.