Katuni za Kutisha na Malezi ya Watoto Wetu

Hapa petu Ikola, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akina baba wengi huingia ziwani usiku kuvua dagaa kwa taa, na simu husalia mikononi mwa watoto. Juzi mwanafunzi wetu mmoja alikataa kwenda kutawadha peke yake wakati wa magharibi. Tulipomhoji, tukajua kwamba ametazama katuni ya Kijapani ya kutisha. Mama yake akasema: "Maalim, mimi nilidhani katuni ni mchezo wa watoto."

Dhana hiyo yapasa kusahihishwa. Wajapani walianza kuonyesha katuni zao wenyewe katika sinema mwaka 1917, kwa kazi ya wachoraji watatu: Shimokawa, Kouchi na Kitayama. Ya kale kuliko zote iliyosalia ni Namakura Gatana, kichekesho kifupi cha mtu aliyenunua upanga butu. Lakini mwaka 1945 jeshi la majini la Japani lilitumia katuni ndefu ya Momotaro kuwasifia watoto vita. Na Perfect Blue, ya mwaka 1997, ni hadithi ya mauaji na kuchanganyikiwa kwa akili, ambayo haikutungwa kwa watoto kabisa. Basi ni dhahiri kwamba katuni ni chombo tu. La kuuliza ni kimebeba nini, na kwa nani.

Mwaka 1968 televisheni ya huko ilianza kuonyesha GeGeGe no Kitaro, hadithi ya mazimwi. Asili yake ni masimulizi ya miaka ya 1930, ambapo msimulizi alisimama mtaani na kuwaonyesha watoto picha za karatasi moja baada ya moja. Bibi zetu nao walitusimulia habari za zimwi. Lakini bibi alimwona mjukuu akitetemeka, akaikatiza hadithi, akamkumbatia. Simu haimwoni mtoto.

Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe, sembuse kumwacha mtoto atishwe usiku peke yake?

Enyi wazazi, hatusemi kila katuni ni haramu. Itazameni kwanza nyinyi, kisha keti na mwanao atazamapo. Baada ya isha simu iwekwe mbali, naye asomewe Ayatul Kursiyyu, Qul-huwallahu na Qul-audhu mbili mpaka alale. Na aliyekwisha kuogopa asichekwe. Aulizwe kwa upole alichokiona.

Wabillahi tawfiq.